Kweli au Uongo: Je, Kiumbe Hai ni Jumla ya Vipande Vyake?

Tarehe 26 Juni 2000, Rais Bill Clinton alitangaza kutoka Ikulu ya Marekani kwamba rasimu ya kwanza ya jenomu ya binadamu ilikuwa tayari. Pamoja naye walikuwapo Francis Collins na Craig Venter, wakuu wa timu mbili zilizokuwa zikishindana kuisoma. Matumaini ya siku ile yalikuwa makubwa: tukishazijua herufi zote za DNA yetu, tiba za magonjwa mengi zitafuata. Leo herufi tunazo, hata yale mapengo ya mwisho yalizibwa mwaka 2022, na baadhi ya tiba zimekuja kweli. Lakini orodha ya sehemu haikutupa maelezo ya kiumbe, kama vile majina ya wachezaji 22 wa Simba na Yanga yasivyoweza kukueleza mechi ilikwendaje.

Biolojia ya mifumo ni tawi la sayansi linalofuatilia pasi zenyewe: sehemu gani inaigusa ipi, wakati gani, na mguso huo unamrudia vipi aliyeuanzisha. Linatuhusu watu wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu sehemu ya ushahidi wake mzuri kabisa imetoka katika damu ya watoto wa Kilifi, malisho ya Serengeti na vyandarua vya Misungwi. Madai yafuatayo husikika darasani, kliniki na redioni. Tuyapime moja baada ya jingine.

"Kadiri kiumbe anavyokuwa na uchangamano, ndivyo anavyokuwa na jeni nyingi."

Uongo. Kabla ya jenomu kusomwa, kadirio lililozoeleka lilimpa binadamu jeni kama 100,000. Zilipohesabiwa, zile zenye maelekezo ya kutengeneza protini zilikuwa 20,000 hivi. Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja na seli za mwili 959, ana idadi inayokaribiana na hiyo. Mpunga unatuzidi kwa mbali. Ukiacha idadi ya jeni ukapima urefu wa DNA yote, mambo yanazidi kushangaza: sisi tuna herufi bilioni 3 na kidogo, ilhali kamongo wa Ziwa Viktoria, samaki mwenye mapafu anayeweza kujizika kwenye tope maji yanapokauka, anakadiriwa kuwa na zaidi ya bilioni 100.

Tofauti iko katika matumizi. Jeni ileile hukatwa na kuungwa upya kwa namna kadhaa ikatoa protini tofauti, na kila jeni huwashwa au kuzimwa kulingana na hali ya nyingine. Seli ya ini na seli ya ubongo wako zina DNA moja. Zinapopishana ni katika kipi kimewaka na kipi kimezimwa. Chukua jeni 100 tu, kila moja ikiwa na hali hizo mbili. Idadi ya mipangilio inayowezekana inaandikwa kwa tarakimu 31.

"Selimundu ni ugonjwa wa jeni moja."

Kweli, na ni kweli inayohitaji kufuatwa hadi mwisho wake.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya mtu asiye na ugonjwa huo. Miaka michache baadaye, kule Cambridge, Vernon Ingram aliipata tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, nafasi ya sita, asidi amino aina ya glutamati imechukuliwa na valini. Herufi moja ya DNA imebadilika, na seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu zinapoishiwa oksijeni. Ni magonjwa machache sana yaliyoelezwa waziwazi namna hii.

Sasa nenda kliniki yoyote ya selimundu, Muhimbili au Kinshasa. Utakuta watoto wawili wenye kosa lilelile, nafasi ileile, kutoka kwa wazazi wote wawili. Mmoja analazwa kila mara kwa maumivu ya mifupa na kuongezewa damu. Mwenzake anasoma, anacheza, anaugua kwa nadra. Kama jeni moja ingekuwa mwisho wa habari, wangeugua sawa.

Dokezo la kwanza lilitoka New York mwaka 1948. Daktari Janet Watson aliona kwamba vichanga waliozaliwa na selimundu walikuwa na seli chache sana zilizojikunja. Alihisi kinachowakinga ni himoglobini ya kijusi, ile ambayo mtoto huitumia tumboni na ambayo mwili huacha kuitengeneza kwa wingi miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Alikuwa sahihi. Wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia huendelea kuwa na himoglobini hiyo kwa wingi hata utuuzimani, na ugonjwa wao huwa mpole kuliko ule unaoonekana sana katika ukanda wetu. Moja ya jeni zinazoamua kiasi chake, BCL11A, haikai hata kwenye kromosomu moja na jeni ya selimundu: jeni ya selimundu iko kwenye ya 11, BCL11A iko kwenye ya 2.

Hapo ndipo tiba ilipopita. Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini ya kijusi bila kuigusa herufi iliyokosewa. Kwa muda mrefu madaktari waliogopa kuwapa watoto wa Afrika, wakihofia kwamba ingepunguza kinga yao na kuwaweka wazi kwa malaria. Utafiti wa REACH uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ukatangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulijibu hofu hiyo kwa watoto zaidi ya 600. Maumivu yalipungua, uhitaji wa damu ulipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ilipungua kwa karibu nusu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy. Wengi hudhani inasahihisha kosa la selimundu. Haifanyi hivyo: inakata swichi ya BCL11A katika seli zinazozaa damu, ili himoglobini ya kijusi irudi. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2. Kwa mzazi wa Mbale au Kilifi leo, dawa ya kumeza ndiyo habari kubwa, na inaniuma kwamba bado haiwafikii watoto wengi wanaoihitaji.

Jeni hii ina upande wa pili. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949 akaona jambo la ajabu: jeni ya selimundu ilikuwa imeenea pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii, lakini ilikuwa adimu nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi walikuja kuipima kinga hiyo kwa makini: dhidi ya malaria kali hufikia karibu asilimia 90.

Pwani hiyohiyo kuna badiliko jingine la kurithi, alfa-thalasemia, ambalo hupunguza utengenezaji wa mnyororo wa alfa wa himoglobini. Nalo hukinga dhidi ya malaria kali. Hesabu ya kawaida ingesema mtoto aliyerithi yote mawili ana kinga maradufu. Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake wa Kilifi walionyesha kinyume: watoto waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja pamoja na alfa-thalasemia kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa karibu hawana kinga kabisa. Kinga mbili zilikutana zikafutana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mnyororo wa alfa unapokuwa haba, mnyororo wa beta wenye kosa hushindwa kuugombania, hivyo himoglobini ya selimundu ndani ya seli hupungua na ulinzi wake hupungua nayo. Ukizichunguza jeni hizi kila moja peke yake kwa miaka mia, hutaliona jambo hilo.

"Ukiondoa kipande kimoja, mwili wote husimama."

Mara nyingi uongo. Hamira tunayoumulia maandazi ina jeni kama 6,000, na wanasayansi wameziondoa moja moja. Ikikuzwa maabara penye chakula cha kutosha, ni kama 1,000 tu ambazo bila hizo haiishi. Nyingine ukiiondoa, njia ya pembeni huchukua kazi.

Timu iliyokuwa na kituo chake Toronto ikaendelea: ikaondoa mbili mbili. Mwaka 2016 ilichapisha matokeo ya jozi zaidi ya milioni 23, na ndani yake zaidi ya 500,000 ambazo kuzipoteza pamoja kuna madhara makubwa kuliko ungetarajia kwa kujumlisha madhara ya kila moja. Elimu hii imeshaingia wodini. Saratani nyingi zenye kasoro ya jeni za BRCA zimepoteza njia moja ya kukarabati DNA, na hubaki zikitegemea njia nyingine yenye kimeng'enya kiitwacho PARP. Dawa kama olaparibu, inayotumika tangu 2014, huziba njia ya pili. Seli ya saratani hufa. Seli nyingine za mgonjwa, ambazo bado zina njia zote mbili, huhimili.

"Ndani ya moyo kuna kipande kinachopiga saa."

Nusu kweli. Kuna kifundo kidogo cha seli, katika chumba cha juu upande wa kulia, ambacho huanzisha kila pigo. Ingia ndani ya seli moja ya kifundo hicho ukitafuta molekuli inayodunda, hutaipata.

Mwaka 1960 kijana wa miaka 23, Denis Noble, mwanafunzi wa uzamivu London, alichapisha katika jarida la Nature modeli ya kihesabu ya seli ya moyo. Aliikokotoa kwa kompyuta ya chuo aliyopewa saa za usiku wa manane, wakati wengine hawaihitaji. Aliandika milinganyo ya milango midogo inayopitisha sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli, akaiacha iende. Hakuandika popote kwamba seli idunde. Mdundo ulijitokeza wenyewe. Ioni zikiingia hubadilisha volteji. Volteji hufungua na kufunga milango. Milango hubadilisha volteji tena. Ukiishikilia volteji isibadilike, mdundo hutoweka papo hapo, ingawa protini zote ziko palepale, nzima kabisa.

Ndiyo maana dawa ya ivabradini, inayoziba mlango mmoja kati ya hiyo, hupunguza kasi ya moyo bila kuusimamisha. Milango iliyobaki hubeba mzigo.

"Tukiwa na ramani kamili ya kiumbe, tumemwelewa."

Uongo. Yule mnyoo wa milimita moja ana seli za neva 302, na ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986 na John White, Sydney Brenner na wenzao. Ni miaka karibu 40, na bado huwezi kuisoma ramani hiyo ukatabiri kila atakachofanya mnyoo. Sababu mojawapo imeshajulikana: seli zake huzungumza pia kwa kemikali zinazosambaa nje ya miunganiko hiyo na kubadilisha maana yake, kulingana na njaa, joto au shibe.

Hata kiumbe aliyepunguzwa hadi mwisho ametushinda. Mwaka 2016 taasisi ya Craig Venter ilitangaza bakteria mwenye jenomu iliyoundwa maabara kwa kuanzia na bakteria anayeishi kwa mbuzi, kisha kuondolewa kila kilichoweza kuondolewa. Alibaki na jeni 473. Kati ya hizo, 149 hazikujulikana zinafanya nini hasa, ila nyingi ukizitoa anakufa.

"Kuchanja ng'ombe kunaweza kuongeza miti mbugani."

Kweli.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia, na kabla ya karne kwisha ilikuwa imefika kusini mwa bara. Ilifyeka mifugo ya Wamasai na kuwaachia njaa kubwa. Iliua pia nyati na nyumbu, na kwa miongo mingi iliendelea kuua nyumbu wachanga wa Serengeti. Kisha Walter Plowright, akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, akatengeneza chanjo salama na ya gharama nafuu ambayo ilianza kutumika miaka ya 1960.

Nyumbu hawakuchomwa sindano. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na virusi vikatoweka kwa wanyamapori, ishara kwamba vilikuwa vikitunzwa na ng'ombe muda wote. Nyumbu waliokuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walivuka milioni moja na robo mwishoni mwa miaka ya 1970. Walao majani wote hao walipunguza nyasi ndefu. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulikosa cha kuchoma. Moto ulipopungua, miche iliyokuwa ikiungua kila mwaka ilipata nafasi ya kuwa miti. Mwaka 2009 Ricardo Holdo, Anthony Sinclair na wenzao waliunganisha takwimu za miongo hiyo yote na kuonyesha kwamba Serengeti iligeuka kutoka kutoa kaboni hewani hadi kuihifadhi. Mganga wa mifugo aliyekuwa akishika bomba la sindano bomani hakuwa na namna ya kujua kwamba anapanda migunga. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

"Ikiwa kila kitu kimeungana na kingine, basi hakuna kinachotabirika."

Uongo, na ndio ninaoupinga kwa nguvu kuliko mingine, kwa sababu umekuwa kisingizio cha kukata tamaa.

Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu mwaka 1897 nchini India. Aliposhauri mbu wapunguzwe, wapinzani wake walimwambia ni kazi bure: mbu hawamaliziki. Alijibu kwa hesabu. Katika kitabu alichotoa upya mwaka 1911 alionyesha kwamba kuna kizingiti. Mbu wakishuka chini yake, kila mgonjwa anaambukiza kwa wastani chini ya mtu mmoja, na ugonjwa hufifia wenyewe ingawa mbu bado wapo. Huhitaji kumuua wa mwisho.

Miaka ya 1950 George Macdonald aliifikisha hesabu hiyo mahali ambapo macho matupu yasingefika. Vimelea huhitaji kama siku kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Mbu wengi hufa kabla. Tuseme mbu ana uwezekano wa asilimia 90 wa kuiona kesho. Basi kati ya mbu 100, karibu 35 watafika siku ya kumi. Punguza uwezekano huo hadi asilimia 80, badiliko linaloonekana dogo, na watakaofika ni 11 tu. Idadi ya mbu hatari imeshuka zaidi ya mara tatu, na bado hatujagusa dimbwi hata moja. Hii ndiyo sababu kumlenga mbu mkubwa anayeingia nyumbani usiku, kwa dawa ya ukutani au kwenye chandarua, kunalipa kuliko kuhangaika na viluwiluwi peke yao. Kati ya mwaka 2000 na 2015, utafiti uliochapishwa katika Nature ulikadiria kwamba jitihada za kudhibiti malaria zilizuia wagonjwa milioni 663 barani Afrika, na zaidi ya theluthi mbili ya hao walinusurika kwa sababu ya vyandarua vyenye dawa.

Mfumo nao ulijibu. Dawa iliyokuwa kwenye vyandarua vyote ni ya jamii ya pairethroidi, iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Mbu waliokuwa na vimeng'enya vingi vya kuivunja sumu hiyo ndio waliobaki na kuzaliana. Katika Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti walijaribu aina kadhaa za vyandarua vipya dhidi ya vile vya kawaida, na mwaka 2022 jarida la Lancet likatoa matokeo: vyandarua vilivyochanganya pairethroidi na dawa ya klorfenapiri vilipunguza wagonjwa wa malaria miongoni mwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza.

Klorfenapiri inapoingia mwilini mwa mbu bado haijawa sumu kamili. Ili iue, lazima kwanza igeuzwe na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vya kundi lilelile ambalo mbu sugu amelikuza ili kujinusuru na pairethroidi.